Naomba ushauri: nibaki na Formula 1 au nihamie IndyCar?

Wakuu, niko Moshi, Majengo. Formula 1 naipenda tangu 2012, ila bando langu halitoshi kufuata mashindano mawili. IndyCar, yale mashindano ya magari ya Marekani, inanivuta mno. Timu zote zinatumia bodi ya kampuni moja, Dallara, injini ni Honda au Chevrolet tu, kwa hiyo uwezo wa dereva unaonekana. Formula 1 kila timu inaunda gari lake. Ukipewa gari bovu huna chako, hata uwe fundi vipi. Halafu ile Indy 500, mbio yao kubwa kuliko zote, mizunguko 200, wanapitana kwa zaidi ya kilomita 350 kwa saa! Tatizo mbio nyingi za Marekani kwetu ni usiku, na mimi alfajiri natakiwa stendi. Mliozifuata zote mbili, nishike ipi?