Ushauri: Soksi za kubana kwa vena varikosi, mbona zinabana damu ambayo tayari imekwama?

Mwalimu wa Zamu: Wakuu habari za jioni. Kazi yangu ni ya kusimama. Nyuma ya goti la kushoto nina mishipa imejinyonganyonga, na jioni mguu unakuwa mzito kama si wangu. Daktari kaniandikia soksi za kubana za kuishia chini ya goti. Kinachonitatiza: shida yenyewe ni damu kukwama, sasa ukiubana mshipa si ndiyo unaziba njia kabisa? Halafu ni ndefu kwangu, juu nazikunja ndipo zinakaa. Nikivua nakuta alama nyekundu imezunguka mguu. Ni kawaida? Kejeli sitaki, nataka ushauri.

Kaka Mpole: Nafuatilia. Bi mkubwa wangu naye anayo mishipa hiyo.

Sista wa Wodi: Mwalimu, umeuliza la maana. Vena za miguuni zinairudisha damu moyoni kwa kuipandisha, na ndani zina vali, yaani vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu. Ukisimama tuli, presha kwenye vena za kifundo cha mguu hufika kama milimita 90 za zebaki. Ukitembea, msuli wa kigimbi unazikamua na presha inashuka hadi chini ya 30. Kwako mshipa umetanuka, vali hazikutani tena, kwa hiyo damu inapanda na kurudi.

Soksi haizibi, inapunguza upana wa mshipa. Kuta zikisogeleana, vali ambazo bado nzima zinaweza kukutana, na damu ikipita njia nyembamba inakwenda kasi zaidi. Ila yote yanategemea mpangilio: mbano mkali uko kwenye kifundo, unapungua kadiri unavyopanda.

Sasa hapo kwenye kukunja. Ukikunja, mbano unajikusanya chini ya goti, na ukizidi ule wa kifundoni damu inazuiwa kweli. Yaani ile hofu yako umeitengeneza mwenyewe! Kunjua leo, kisha ukapimwe upya asubuhi mguu haujavimba: kifundo pale pembamba, kigimbi pale panene, na urefu kutoka kisigino hadi chini ya goti.

Mzee wa Soksi: Mie navaa zenye mbano wa milimita 20 hadi 30 za zebaki. Vaa kabla hujashuka kitandani. Igeuze soksi ndani nje mpaka kisiginoni, ingiza vidole, kaza kisigino mahali pake, ndipo uipandishe taratibu kwa viganja. Glavu za mpira zinashika vizuri na kucha hazitoboi. Mafuta paka usiku. Uvimbe wa jioni umepungua sana, lakini nikivua mishipa ipo pale pale.

Sista wa Wodi: Itakuwepo tu, soksi haitengenezi vali. Anayetaka mshipa wenyewe ushughulikiwe, kuna kuuchoma kwa leza, kuna sindano, kuna upasuaji.

Kaka Mpole: Basi nimnunulie bi mkubwa. Ana kisukari, vidole vya miguu vya baridi, na akitembea kidogo kigimbi kinauma mpaka asimame.

Sista wa Wodi: Kaka, usimnunulie kwanza! Dalili hizo zinanifanya nihofie ateri, zile zinazoleta damu mguuni. Zikiwa zimeziba, soksi itaibana damu ambayo tayari ni haba, na ngozi inaweza kufa. Akapimwe: presha ya kifundo inagawanywa kwa ile ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.5, za mbano mkali hazivaliwi. Kati ya hapo na 0.8 aamue daktari. Halafu kisukari kikishapunguza hisia za miguu, soksi itamchubua asijue.

Mwalimu wa Zamu: Asante sista, nimezikunjua. Usiku je, nilale nazo?

Sista wa Wodi: Vua, labda daktari akuambie vinginevyo. Ukilala presha ya vena inashuka yenyewe. Ila mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, usisubiri kupambazuka: huenda damu imeganda kwenye vena ya ndani. Hospitali saa hiyo hiyo.