Milimita 36

Salumu: Shikamooni. 📷 Mjomba nisaidie, shelfu ya kabati ninalounda imegoma kuingia. Nimeigonga mpaka plaiwudi imeanza kuchanika pembeni

Mjomba Tanga: Marahaba. Weka nyundo chini kwanza. Kabati upana gani?

Salumu: 800. Kimo 900, kina 400

Mjomba Tanga: Na shelfu umekata ngapi?

Salumu: 800

Zuhura: 🤣🤣🤣

Mjomba Tanga: Mbavu zako, zile mbao mbili za pembeni, ni plaiwudi ya milimita 18. Mbili hizo 36. Toa kwenye 800

Salumu: 764. Duh. Na vipande vyote vitatu nimekatisha hivyohivyo, cha juu, cha chini na shelfu

Mjomba Tanga: Usijali, mimi niliharibu kitanda cha watu kwa kosa hilohilo. Cha chini na shelfu rudisha kwa mwenye mashine akupunguzie. Cha juu usikiguse, kilaze juu ya mbavu kama kifuniko. Kabati litakuwa 918, nani atajua?

Zuhura: Ukoo mzima mjomba

Mama Salumu: Mimi nauliza tu litaisha lini. Spana zimo kwenye kabati langu la vyombo tangu Ramadhani. Jana navuta sufuria, ikatoka na plaizi

Salumu: Mama jamani, wiki hii

Mjomba Tanga: Ile inayochanika, ulitoboa kabla ya skrubu?

Salumu: Hapana, nilikandamiza tu na drili

Mjomba Tanga: Ndiyo maana. Skrubu ya milimita 4 ikiingia kwenye ukingo wa plaiwudi bila tundu inaachanisha matabaka. Toboa na biti ya 3 kwanza, paka gundi nyeupe, ndiyo ufunge. Na chini weka vipande vya mbao vya inchi 2 kwa 2 vilivyotiwa dawa. Banda lenu la Mbagala mvua ikinyesha maji yanapita ndani, nalijua. Plaiwudi ikigusa sakafu inavimba, na mchwa nao hawakawii

(saa 12 jioni)

Salumu: 📷 Limesimama! Ila likiwa wima naliona kama limelala upande

Mjomba Tanga: Pima kona kwa kona, zote mbili

Salumu: Moja 1,214, nyingine 1,221

Mjomba Tanga: Zinatakiwa zisome sawa. Shika kona mbili za ile ndefu, zisukume ndani taratibu gundi haijakauka. Zikifika 1,218 zote, pigilia ubao wa nyuma hapohapo. Huo wa plaiwudi ya milimita 6 ndio utalishika lisicheze

Salumu: Zimefika. Mjomba wewe mchawi

Zuhura: Plaiwudi zilizobaki unafanyia nini?

Salumu: Nilinunua mbili za 18. Kila moja inatoa vibao vitatu vya upana wa 400, na kabati moja linakula viwili. Kwa hiyo yanatoka makabati matatu, bila milango. Migongo yote mitatu inatoka kwenye ile moja ya 6

Mama Salumu: Matatu?

Salumu: Ndiyo mama. Moja la spana, moja la mota na nyaya, moja la rangi

Mama Salumu: Rangi zikae sakafuni kama zilivyozoea. Hilo la tatu ni la kwangu

Salumu: Mama

Mama Salumu: Na liwe na mlango wenye kufuli. Kaka, mwambie vipimo vya mlango mapema, asije akasahau kutoa