Wamarekani kupigana risasi mashuleni: tatizo bunduki, akili au malezi? Mama kamgomea mdogo wangu kwenda Texas

Msukuma wa Igogo
Wakuu habari za usiku. Mdogo wangu kapata nafasi ya kusoma masta chuo kimoja cha serikali huko Texas, ada wanamlipia, na mama kagoma. Kagoma kabisa. Sababu ni ile ya shule ya Uvalde, hukohuko Texas, Mei 2022, aliiona kwenye tivii, watoto 19 na walimu wawili wameuliwa na kijana wa miaka 18 halafu polisi wamejaa koridoni zaidi ya saa nzima hawaingii darasani, tangu siku hiyo ukimtajia Texas anasema "huko wanakoua watoto". Wiki nzima tunabishana hapa nyumbani, baba mdogo anasema wale ni wagonjwa wa akili, shemeji anasema ni magemu na malezi ya kizungu mtoto hachapwi, mi nasema bunduki zimezagaa. Nisaidieni kupima ipi ina uzito, nataka nikae na mama nikiwa na hoja sio kelele.

Dagaa Kauzu
Malezi mkuu, usihangaike. Sisi tumechapwa mpaka mwalimu anachoka yeye, nani alirudi shule na bunduki? Wale mzazi anabisha hodi kuingia chumba cha mwanae kwenye nyumba aliyojenga mwenyewe.

Binti Nansio
Dagaa ungerudi nayo bunduki ungeitoa wapi? Kwenu kulikuwa na nini zaidi ya jembe na kasia 😂

Magemu hayo hayo Wajapani na Wakorea wanayacheza usiku kucha. Na Japani jamaa alivyotaka kumuua waziri mkuu wao wa zamani Shinzo Abe Julai 2022 ilibidi ajitengenezee bunduki mwenyewe nyumbani, maana dukani huingii tu ukachukua. Wagonjwa wa akili nao wako kila nchi, hata mtaani kwetu tunao na wengi wao wanaonewa wao kuliko kuonea. Kinachotofautiana ni idadi. Marekani hesabu ya 2018 ilikadiria bunduki za raia milioni 393, yaani kila watu 100 bunduki 120, mpaka kichanga kahesabiwa yake na chenji imebaki.

Halafu chukua siku moja tu, tarehe 14 Desemba 2012. China, mkoa wa Henan, mtu kaingia shule ya msingi na kisu, kajeruhi watoto zaidi ya 20, hakufa hata mmoja. Siku hiyohiyo Marekani, jimbo la Connecticut, shule ya Sandy Hook, mwingine kaingia na bunduki, watoto 20 na watu wazima 6 wamekufa ndani ya dakika chache. Vichwa vyote viwili vibovu. Sasa niambie fimbo ya mwalimu inaingia wapi hapo.

Nyegezi Juu
Dada mfano wako mkali ila usimalize kesi haraka. Haki ya silaha iko kwenye katiba yao tangu 1791, na bunduki walikuwa nazo kabla ya hapo, mbona haya ya shule ndo yameshika kasi baada ya shule ya Columbine 1999? Wale wanafunzi wawili waliua wenzao 12 na mwalimu, picha zao zikazunguka dunia nzima, na waliofuata wengi wamekutwa walikuwa wanawasoma wale kama watu wanavyosoma mapishi. Kuna umaarufu ndani yake. Yule wa Christchurch, New Zealand, 2019 alirusha laivu Facebook huku anaua, watu 51 kwenye misikiti miwili. Waziri mkuu wao wa wakati huo Jacinda Ardern akasema jina lake hatalitamka, na ndani ya mwezi akapiga marufuku bunduki nyingi za nusu otomatiki. Hakuchagua sababu moja kama mnavyotaka nyie, alibana kote.

Mwaloni 15
Mi sio msomi ila niseme nilichokiona. Tulikuwa tumetega nyavu za sangara upande wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, saa nane usiku giza la mwezi, ukaja mtumbwi umezima mashine unapiga kasia kimya kimya tukajua ni wenzetu. Wao watano sisi wanne, tuna mapanga mawili na lile rungu la kumpiga sangara kichwani, yani tungezichapa. Ila mmoja kasimama mbele kashika bunduki, kitako kimefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, imechoka hata sijui kama ingelia. Tukalala kifudifudi juu ya nyavu na maji ya mtumbwi yananiingia mdomoni. Wakafungua mashine ya farasi 15, zile skrubu mbili za kubania tu, hawana haraka, mmoja akaomba na sigara. Bila ile bunduki wasingetusogelea. Watu wanasema maharamia ni njaa, sawa, na mi nilikuwa na njaa, tajiri alikuwa hajanilipa mwezi wa pili.

Dagaa Kauzu
Pole sana kaka. Ila hao walitaka mashine. Kijana wa Uvalde alitaka nini?

Nyegezi Juu
Hapo ndo umegusa. Jambazi akipata chake anaondoka. Huyu wa shule hana anachokuja kuchukua na mara nyingi hategemei kutoka hai, kwaiyo kumtishia kifungo ni kupoteza muda. Na hapo namrudishia baba mdogo wa mleta mada kidogo: Marekani mwaka 2021 bunduki ziliondoka na watu zaidi ya 48,000, na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Wa mashuleni ni sehemu ndogo sana ya hao. Mtu akiwa kwenye giza lake na silaha iko kabatini, hapati hata nafasi ya kughairi.

Mzee wa Kamanga
Vijana mmesahau kwenu. Wizi wa ng'ombe usukumani umekuwepo toka babu zetu, ila baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 79 silaha zikabaki mikononi mwa watu, wezi wakaanza kuja na bunduki. Ndo wazee wakaanzisha sungusungu, upinde na mishale, mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kijiji kizima kinatoka. Halafu miaka ya 90 wenzetu Burundi, Rwanda na Kongo wakawaka, silaha zikavuka, mabasi pori la Biharamulo yakawa yanasindikizwa na polisi. Hata hapa Mwanza mjini, Oktoba 2012 kamanda wa polisi wa mkoa alipigwa risasi Kitangiri akafa. Malezi ya Wasukuma hayakubadilika ghafla, kilichobadilika ni kilichoingia. Ila nikubali pia, sungusungu walipunguza wizi, na sio kwa kunyang'anya bunduki tu, sababu kila mtu alijua mtoto wa jirani analala wapi.

Binti Nansio
Wabeja mzee. Na yule wa Uvalde jirani wangejua nini, bunduki mbili alizinunua kihalali siku chache baada ya kutimiza miaka 18. Bia angesubiri mpaka 21.

Msukuma, kuna la kumwambia mama ukweli usije ukalaumiwa: Texas tangu 2021 mtu mzima anabeba bastola bila kibali, na vyuo vya serikali tangu 2016 mwenye leseni anaruhusiwa kuingia nayo akiwa kaificha. Kwa mwanafunzi mmoja hatari bado ni ndogo, mi ningeenda. Ila asisikie kwa mtu mwingine.

Msukuma wa Igogo
Mrejesho wakuu. Nimekaa na mama jikoni anachambua dagaa, nikamsomea uzi wote mpaka ya mashine ya Mwaloni, akasikitika, akasema malezi na akili vyote ni kweli ila chuma ndo kinamaliza. Nikadhani nimeshinda. Nikafika kwenye ile ya Binti ya vyuoni, akaacha dagaa akaniangalia.

"Na mwalimu naye anayo?"

Nikasema huenda.

Akarudi kwenye ungo wake, kimya kama dakika tano hivi, halafu akauliza Kanada hiyo kozi hawafundishi?