Wahusika wengi au wachache: ipi humshika msomaji wa riwaya?

Mdau_Tanga: Ndugu zangu, naomba tulinganishe riwaya mbili. *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972) inasimama juu ya watu watatu: Bahati, Idi, na Mwinyi, tajiri mzee anayemtumia Idi ili ampate Bahati. *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei imejaa watu wa jamii nzima. Mimi naegemea *Kiu*, kwa sababu kila hila ya mmoja inawagusa wawili waliobaki papo hapo.

Mwalimu_Kidato4: Ndugu Mdau, nimeifundisha *Chozi la Heri* ilipokuwa ikitahiniwa katika KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne nchini Kenya, na ni kweli kwamba sura za mwanzo huwachosha wanafunzi kwa majina. Hata hivyo, machafuko ya baada ya uchaguzi hayawezi kubebwa na nyumba moja. Ridhaa anapoteza mkewe Terry na wanawe katika moto, Kaizari anaishia kambini na familia yake, na ndoa ya Selume inavunjwa na ukabila. Ukimwondoa mmoja wao, msiba huo unageuka kuwa wa mtu binafsi, jambo ambalo silo lililokusudiwa.

BintiMvita: Nakubaliana nawe, Mwalimu, ila si wote wanaostahili nafasi waliyopewa. Tuama analetwa kwa ajili ya ukeketaji na Pete kwa ajili ya ndoa za mapema; wanabeba maudhui, lakini wakiondoka msuko hautikisiki. Mtazame Sauna sasa: ni mhusika mdogo, yaya tu, lakini anapowaiba Dick na Mwaliko anawatenganisha na dada yao Umu, na sehemu kubwa ya hadithi inayofuata inatokana na tendo hilo moja. Wahusika wa aina yake hata wakiwa ishirini, mimi sitalalamika.

Mhariri_Mstaafu: Naongeza la majina. Mwangeka na Mwangemi ni binamu ndani ya kitabu kimoja, na msomaji anayesoma usiku akiwa amechoka atawachanganya.

Mdau_Tanga: Dada BintiMvita, hoja ya Sauna imenigusa. Bado naipenda *Kiu*, lakini nitairudia *Chozi la Heri* nikifuatilia kila mhusika mdogo anabadilisha nini katika maisha ya mwingine.