Njia ya Divai ya Alsace kwa baiskeli: je, siku mbili zinatosha?

Mkanyaga Pedali ameandika:

Ndugu wapenda baiskeli, nawasalimu. Mimi na mke wangu tunapanga kuendesha baiskeli za barabarani mashariki mwa Ufaransa katikati ya Septemba, tukifuata Njia ya Divai ya Alsace kuanzia Marlenheim upande wa kaskazini hadi Thann upande wa kusini. Njia hiyo ina takribani kilomita 170, na kwa kuwa kilomita 90 kwa siku si mzigo kwetu kwenye barabara tambarare, nimepiga hesabu ya siku mbili. Matairi yetu yana upana wa milimita 25. Naomba wenye uzoefu wanieleze kama ni busara kufuata barabara ileile ya magari yenye vibao vya Njia ya Divai, au kama kuna njia inayofaa zaidi kwa baiskeli. Pia ningependa kujua kama siku mbili zitatuachia muda wa kuviona vijiji vya kale, au kama tutavitazama kwa mbali kama abiria wa treni.

Fundi Spoku amejibu:

Ndugu Mkanyaga Pedali, karibu sana. Miguu yenu itaimudu hesabu hiyo. Mahali penyewe ndipo patakapoikataa. Mashamba ya mizabibu ya Alsace yako kwenye miteremko ya chini ya milima ya Vosges, kati ya mita 200 na 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vimejengwa pale bonde dogo linapotoka mlimani. Kwa hiyo anayekwenda kusini hapandi mlima mmoja mkubwa, bali hupanda kilima, hushuka kijijini, kisha hupanda tena, na hivyo hivyo hadi jioni. Miinuko hiyo ni mifupi, lakini baadhi yake ni mikali, na mtu aliyezoea kupiga kilomita 90 kwenye tambarare atashangaa kuona alivyochoka baada ya 50.

Kuhusu njia, tafadhali tofautisha mambo mawili. Njia ya Divai yenye vibao ilizinduliwa mwaka 1953, na zaidi ni njia ya watalii wenye magari. Kando yake ipo njia ya baiskeli, Véloroute du Vignoble, inayopita vijiji vilevile kwa kutumia vijia vya lami na saruji vilivyo ndani ya mashamba, pamoja na barabara ndogo za vijijini. Sehemu yake kubwa imo katika EuroVelo 5, ile njia ndefu inayotoka Uingereza hadi kusini mwa Italia. Ningewashauri muifuate hiyo, tena msianzie Marlenheim. Anzieni Strasbourg, mfuate mfereji wa Bruche hadi karibu na Molsheim. Mfereji huo ulichimbwa mwaka 1682 chini ya Vauban, mhandisi wa kijeshi wa Ufaransa, ili kusafirishia mawe ya kujengea ngome za Strasbourg, na leo kando yake kuna njia tulivu ya baiskeli yenye zaidi ya kilomita 20, karibu yote tambarare. Miguu inapata joto taratibu, na mnaingia katika nchi ya mizabibu bila kugusa barabara kuu.

Kisha gawanyeni safari katika siku nne: Strasbourg hadi Barr, Barr hadi Ribeauvillé, Ribeauvillé hadi Eguisheim, na Eguisheim hadi Thann. Siku ya tatu itaonekana fupi mno kwenye ramani, na ninaomba msiirefushe, kwa sababu ndiyo yenye Hunawihr, Riquewihr, Kaysersberg na Turckheim. Hunawihr ina kanisa lililozungushiwa ukuta wa ngome katikati ya mizabibu, ambalo Wakatoliki na Waprotestanti wanalitumia kwa pamoja. Riquewihr ina mnara wa Dolder wa mwaka 1291 na nyumba nyingi za karne ya 16. Huwezi kupita mahali kama hapo huku ukitazama saa.

Jambo moja la usalama: katika vijiji vya Ufaransa, pale pasipo na alama nyingine, anayetoka kulia ndiye mwenye haki ya kutangulia, hata kama anatoka kwenye kichochoro. Mkishuka kwa kasi kuingia kijijini, shikeni breki mapema.

Kilele amejibu:

Nakubaliana na Fundi Spoku kuhusu siku nne, lakini kuhusu vijia vya mashambani nina maoni tofauti, hasa kwa safari ya Septemba. Mavuno huanza na zabibu za divai ya povu, wakati mwingine mwishoni mwa Agosti, na huendelea wiki nyingi, kwani kila aina ya mzabibu ina wakati wake wa kuiva. Katika kipindi hicho vijia hivyo ni mahali pa kazi. Kuna matrekta yenye matela, kuna tope linalodondoka kutoka kwenye magurudumu yao, na baadhi ya njia za ndani ya mashamba hufungwa kwa wageni. Tairi la milimita 25 likikanyaga tope na zabibu zilizopondeka juu ya saruji iliyoinama huteleza upesi sana. Kama fremu zenu zina nafasi, wekeni matairi ya milimita 28 au 32. Mtashukuru pia kwenye mawe yaliyopangwa ya mitaa ya vijijini, hasa yakiwa yamelowa.

Ushauri wangu ni kuchanganya njia zote mbili. Asubuhi na mapema, kabla ya magari ya watalii, barabara ya D35 kati ya Itterswiller, Dambach-la-Ville na Scherwiller ni nzuri sana kwa baiskeli ya barabarani. Kuanzia saa nne hivi, hamieni kwenye njia ya baiskeli, na mkikutana na trekta, simameni kando mlipishe. Mwenye trekta ana mavuno ya mwaka mzima mikononi mwake, nasi tuko matembezini tu.

Na kama mke wako anapenda kupanda, tokeni Kintzheim mwende kwenye ngome ya Haut-Kœnigsbourg. Iko kwenye kimo cha takribani mita 750, kwa hiyo ni zaidi ya mita 500 za kupanda. Wekeni gia nyepesi.

Msomaji wa Kuta amejibu:

Naomba kuongeza jambo ambalo waongoza watalii wengi hawalitaji. Ngome aliyoitaja Kilele ni jengo la kale lililokuwa magofu, likajengwa upya kati ya 1900 na 1908 kwa amri ya Kaisari Wilhelm wa Pili, wakati Alsace ilipokuwa chini ya Ujerumani tangu 1871. Mkiijua habari hiyo, mtaitazama kwa macho mengine.

Vivyo hivyo, mkitoka Riquewihr msiende moja kwa moja Kaysersberg. Teremkeni kwanza hadi Bennwihr, kilomita chache tu kusini-mashariki. Riquewihr mmeiona ikiwa na mbao na mapambo yake ya karne nyingi, halafu ghafla mnaingia katika kijiji ambacho nyumba zake zote ni za baada ya vita. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yameshikilia eneo lililouzunguka mji wa Colmar, Bennwihr, Sigolsheim, Mittelwihr na Ammerschwihr viliteketezwa kwa mapigano. Colmar yenyewe ilikombolewa tarehe 2 Februari 1945. Juu ya kilima cha Sigolsheim, katikati ya mizabibu, yapo makaburi ya wanajeshi wa jeshi la Ufaransa waliokufa katika mapigano hayo, wakiwemo wengi kutoka Afrika Kaskazini. Mpando wa kufika huko ni mkali lakini mfupi, na kwangu mimi ni kituo muhimu kuliko vyote kwenye njia hii. Uzuri wa vijiji vilivyobaki hauwezi kueleweka vizuri bila kuona vile ambavyo havikubaki.

Mkifika Kaysersberg, kumbukeni kuwa ndipo alipozaliwa Albert Schweitzer mwaka 1875, yule daktari aliyefungua hospitali Lambaréné, Gabon.

Mkanyaga Pedali ameandika:

Ndugu zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Tumekubaliana kwenda siku nne, na matairi ya milimita 28 yanaingia kwenye fremu zetu. Yamebaki maswali mawili: watu wanafanyaje kuhusu kuonja divai wakiwa kwenye baiskeli, na kutoka Thann tunarudije Strasbourg?

Fundi Spoku amejibu:

Kuhusu divai, sheria ya Ufaransa ya gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu inamhusu mwendesha baiskeli kama inavyomhusu dereva wa gari. Ninyi onjeni jioni, baiskeli zikiwa zimeshafungiwa mahali mtakapolala. Karibu kila kijiji kina wakulima wanaopokea wageni kwenye maghala yao. Mkisimama kwa mkulima mchana, ombeni chombo cha kutemea bila haya yoyote, maana wenyewe ndivyo wanavyoonja. Chukueni pia taa, kengele na fulana za kuakisi mwanga, kwa sababu nje ya miji fulana hiyo ni lazima usiku au penye ukungu, na asubuhi za Septemba huko huwa na ukungu.

Kutoka Thann kuna reli hadi Mulhouse, na kutoka Mulhouse treni za TER, yaani treni za mkoa, za kwenda Strasbourg hupitia Colmar na Sélestat. Baiskeli huchukuliwa bila malipo pale nafasi inapopatikana, kwa hiyo epukeni saa za watu kutoka kazini. Na kama siku moja mvua itawazuia, pandeni treni hiyo hiyo kutoka Sélestat hadi Colmar, muendelee kutoka hapo. Eguisheim haiko mbali.