Naomba ushauri: nakala za data za duka nizihifadhi vipi zisifungwe na virusi?

Habari zenu wakuu. Natunza hesabu za duka la dawa la jumla hapa Mwanza. Kompyuta ya kaunta ndiyo yenye stoo yote, madeni ya wateja na oda za vituo vya afya. Bado ina Windows 10, ambayo muda wake wa kawaida wa masasisho uliisha Oktoba 14, 2025.

Jirani yetu wa vifaa vya ujenzi alifungua asubuhi akakuta mafaili yote yameongezewa herufi ngeni mwishoni mwa jina, hayafunguki, na kwenye skrini kuna ujumbe wa kudai bitcoin. Diski yake ya nje ilikuwa imechomekwa usiku kucha, nayo ikafungwa yote. Hapo ndipo ninapoogopa, maana nakala ndiyo tegemeo la mwisho.

Kwa sasa ninazo diski mbili za nje. Moja naichomeka jioni wakati wa kunakili tu, nyingine bosi anakaa nayo nyumbani, tunazibadilisha kila Jumamosi. Google Drive ipo pia, lakini inajisasisha yenyewe: faili likiharibika hapa, na kule linapanda hilohilo.

Naomba kujua:

Kama virusi vimeshajificha ndani, diski ya jioni si itafungwa nayo? Kuna njia ya bei nafuu ambayo kompyuta ya kaunta inaweza kuongeza nakala bila kuwa na ruhusa ya kufuta za zamani?

Na mnajaribuje kurejesha data bila kugusa mfumo unaouzia?