Je, switi kwenye meli ya kitalii ina thamani ya nauli yake?

Mtafuta Upepo
Habari zenu, wadau. Mimi na mwenzangu tunapanga kuvuka Atlantiki kwa Queen Mary 2, kutoka Southampton hadi New York, na wakala wetu anatushawishi tuachane na chumba cha kawaida chenye roshani ili tuchukue switi, yaani chumba kikubwa cha hadhi ya juu. Tofauti ya nauli ni kubwa. Je, tutakuwa tunalipia sebule tu, au kuna huduma ambazo abiria wengine hawazipati? Isitoshe, mwenzangu huchafukwa na moyo mawimbi yanapokuwa makubwa, hivyo ningependa kujua kama chumba kikubwa kitamfaa.

Mwana wa Maji
Ukubwa hautamsaidia, kinachosaidia ni mahali chumba kilipo. Meli hupanda na kushuka zaidi kwenye omo (mbele) na tezi (nyuma), na kadiri unavyokwenda sitaha, yaani ghorofa, za juu ndivyo unavyohisi zaidi inavyolala ubavu huu na ule, ilhali katikati na chini hutulia. Wahenga waliosema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani (ngama ni sehemu ya chini, katikati ya chombo) walikuwa na lao, lakini kwa mwenzako ni maelekezo kamili. Switi nyingi huwekwa juu, na zile za ghorofa mbili katika meli hiyo ziko tezini kabisa, kwa ajili ya mandhari.

Bi. Sitaha
Nakubaliana na hayo, ila tusipuuze huduma. Kwenye Queen Mary 2, aina ya chumba ndiyo inayoamua mtakula wapi: vyumba vya kawaida hula kwenye mkahawa wa Britannia, switi za ngazi ya chini Princess Grill, na switi za juu Queens Grill, ambako meza yenu huwa ni ileile na hamlazimiki kufuata zamu ya kula. Muulizeni wakala anamaanisha ngazi ipi, kwa sababu “switi” ya Princess Grill ni chumba kimoja chenye sehemu ya kukaa, na mhudumu binafsi huja na Queens Grill pekee. Kwa kuwa safari hiyo kwa kawaida huchukua usiku 7 bila kutia nanga popote, chumba mtakitumia kwelikweli, tofauti na safari ambayo kila asubuhi mnashuka bandarini.

Mwana wa Maji
Hata hivyo, upepo wa Atlantiki ya Kaskazini huwafukuza watu kwenye roshani zilizo wazi. Zipo roshani za bei nafuu zilizochongwa ndani ya ubavu wa meli, kwenye sitaha za chini, zenye ukuta wa chuma mbele: ukiketi huoni bahari vizuri, lakini upepo haukusumbui. Ningechagua hiyo, katikati ya meli.

Mtafuta Upepo
Asanteni sana. Na bahashishi je, ni sawa kwa wote?

Bi. Sitaha
La. Kiwango cha kila siku kinachoongezwa kwenye ankara ni kikubwa zaidi kwa vyumba vya Grill, basi mkijumlishe kabla ya kulinganisha nauli.